Maharage Katika Bwawa la Majike

Kila asubuhi, baada ya kahawa na mkate mweusi, Ejnar alichukua ndoo akaenda kuwalisha samaki wake aina ya trauti. Mabwawa yalikuwa nyuma ya nyumba, kando ya kijito, magharibi mwa rasi ya Jutlandi. Bwawa la kwanza lilikuwa la majike wa mbegu, wale wa kutaga mayai ya kuzalishia. Mkewe, Ragnhild, ndiye aliyewachagua, kizazi baada ya kizazi, hata wakawa uzao usiopatikana kwingine.

Kabla ya kufariki, Ragnhild alimwambia, "Mume wangu, tuachane na chakula hiki kinachotengenezwa kwa samaki wa baharini. Visamaki vya tobisi vinavuliwa na kusagwa unga ili trauti wetu wanenepe. Bahari itabaki na nini?"

Ejnar alimcheka. Baada ya mazishi, maneno yale yalimkaa moyoni. Basi akavuna maharage ya shambani mwake, akayasaga mabichi, akayamwaga bwawani.

"Baba, umemwuliza mtu?" alisema binti yake, Solvej.

"Nimwulize nani? Nguruwe wa babu yako walinenepa kwa maharage haya hadi wakakwama mlangoni."

"Nguruwe hawaogelei, Baba."

"Na wewe hujafuga hata kuku."

Samaki walisogea, wakaonja, wakatema. Ejnar alidhani wanadeka. Akaongeza ndoo nyingine, na kesho yake nyingine tena. Haukupita muda, maji yakaanza kunuka na majike wakawa wanatweta juu ya maji. Solvej akakimbia kumwita jirani yao, Birthe, aliyefuga funza wa nzi wa kulishia mifugo katika banda lililokuwa la nguruwe.

Birthe alichota matope ya chini, akayanusa.

"Washa pampu ya hewa. Fungulia maji mapya. Leo usiwape chochote," alisema. "Ejnar, trauti ni mla nyama. Maharage mabichi humvuruga tumbo. Asiyoyala huzama, yakaoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyomo majini."

"Kwa hiyo Ragnhild alikosea?"

"Hakukosea. Wewe ndiwe uliyekosa subira. Maharage yanafaa yakimenywa na kupikwa, tena yawe sehemu tu ya chakula. Sehemu nyingine iwe funza waliolishwa makapi ya nafaka, na unga wa kome. Mtaalamu wa lishe ya samaki atatupimia viwango."

"Tuwape kesho?"

"Umeanza tena. Wapone kwanza. Kisha utachanganya kidogo na chakula walichozoea. Wakikipenda, utaongeza kidogo. Wakiacha kuja juu, nawe acha kumwaga."

Majike wengi walikufa. Ejnar aliwatoa kwa wavu, mmoja mmoja. Ragnhild alikuwa akiwatambua wote kwa madoa yao, kila mmoja kwa jina lake.

"Huyu mwenye doa karibu na jicho, mama yako alimwitaje?" aliuliza.

Solvej hakujua.

Waliosalia walizoea chakula kipya polepole. Majira ya baridi yalipofika walitaga, na mayai yakaanguliwa vizuri. Maji yalikuwa safi, na ndoo ya Ejnar haikuwa tena na unga wa tobisi. Alitupa kiganja kimoja cha chakula, akangoja samaki waje juu, ndipo akatupa cha pili.

"Angalau uzao wa Mama haukupotea," alisema Solvej.

"Haukupotea," alijibu Ejnar. "Lakini lau ningalimsikiliza alipokuwa hai, angalinifundisha mwenyewe."