Kuku Mlangoni mwa Ghala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia uwanja wetu hapa Kizwite, na kila asubuhi niliwafukuza kuku waliojazana kwenye mlango wa ghala la baba. Niliwachukia kuku wale, maana walikuwa wananisuta.

Ghala lilijaa mahindi hadi darini. Baba, mzee Wilibrodi, aliyanunua kijijini Mollo mwezi wa sita, mwaka ule serikali iliporuhusu kila mtu kufanya biashara ya nafaka. Aliyapata kwa bei ya kutupa, kwa sababu wakulima walikuwa na shida. Sasa ilikuwa Februari, mahindi ya shambani bado machanga, na bei ya debe ilipanda kila wiki. Baba alisubiri ipande zaidi.

"Avelina, mtu akiuliza, sema yamekwisha," aliniagiza.

Asubuhi moja alikuja mama Herieth, jirani yetu mwenye shamba Mollo. Binti yake nilikaa naye dawati moja, lakini alikuwa hajaja shule kwa siku tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tena. Naomba kununua debe moja tu."

"Yamekwisha, mama," nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu.

Hakuondoka. Aliwaangalia kuku wakidonoa punje na unga uliotoka chini ya mlango.

"Na hawa wanafuata nini hapo?" aliuliza taratibu. "Mahindi mengine humo ni yangu, Avelina. Nilimuuzia baba yako nipate sare ya Herieth. Sare ipo, ila mvaaji hana nguvu ya kutembea hadi shuleni."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. "Nimekudanganya, mama," nilisema. "Yapo. Yamejaa tele."

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua nitachapwa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ule unga. Alichuchumaa, akauchota kwa kiganja, kisha akafungua kufuli haraka. Gunia la kwanza alilinyanyua kwa mkono mmoja. Dumuzi, wale wadudu wa mahindi, walikuwa wamezitoboa punje zote, pamebaki maganda na vumbi. Magunia matatu yaliyokuwa kando yake yalikuwa hivyo hivyo.

Mama yangu alichungulia kutoka jikoni. "Wewe unasubiri bei, baba Avelina. Wadudu hawakusubiri."

Baba aliburuta gunia zima kutoka nyuma, akampimia mama Herieth debe lililofurika, kwa bei ileile aliyonunulia. Mchana mtaa mzima ulipanga foleni, na baba akawauzia kwa faida ndogo.

Jioni aliniita. "Mwanangu, biashara si kosa. Nikitoa mahindi Mollo nikayaleta mjini, nastahili faida yangu. Kosa langu ni kufunga mlango nikingoja njaa inipandishie bei. Na nikakutuma wewe uwadanganye jirani zetu. Hilo nisamehe."

Kesho yake nilifagia uwanja kama kawaida, ili niwahi kumpitia Herieth twende shule. Kuku walikuja, wakaukuta mlango wazi. Sikuwafukuza.