Nasimiyu na Mipira ya Mbali

Kila siku ya shule, Nasimiyu alipoamka, mama yake alikuwa amekwisha kuondoka. Basi la hoteli lilimchukua mama saa kumi na nusu alfajiri kwenda kwenye chumba cha kufulia, alikofanya kazi. Baba yake, Japheth, aliyekuwa dereva, alikuwa bado amelala kwa uchovu wa zamu ya jana. Nasimiyu alikunywa chai aliyoachiwa kwenye chupa, akala kipande cha mkate, akafunga mlango polepole na kuteremka ngazi za ghorofa tatu.

Mtaa wa Najma, walikoishi wageni wengi waliokuja nchi hiyo kufanya kazi, ulikuwa umekwisha kuamka. Mwenye mkahawa alikuwa akikanda unga, na wanaume waliotoka zamu ya usiku walipita bila kusemezana. Basi la shule lilipofika, Nasimiyu aliingia, akaegemeza kichwa kwenye kioo na kusinzia palepale.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini alikuwa amechoka kama mtu mzima. Kilichomchosha ni mpira.

Haukuwa mpira wa miguu unaochezwa kila mahali. Ulikuwa ule mpira wenye umbo la yai, unaorushwa kwa mkono. Kila mchezaji hufunga mshipi wenye vitambaa viwili kiunoni, na ukinyofolewa kitambaa huku umeshika mpira, unasimama hapo. Mrushaji hurusha, na mpokeaji hukimbia kwenda kuudaka. Nasimiyu alikuwa mpokeaji mgeni katika timu ya wasichana ya shule yao.

Siku ya kwanza, kwa mipira ya karibu, alidaka tisa kati ya kumi. Kocha Levis, mwalimu wa michezo aliyetoka Kitale, alipiga makofi.

"Jamani, tumempata Zuleikha wa pili!" alisema.

Zuleikha alikuwa binti wa Kizanzibari wa miaka kumi na minne, na hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu uwezo wake. Kwa misimu mitatu alikuwa akidaka mipira mirefu ambayo wengine waliiacha iende zake. Kwa hiyo Nasimiyu alifurahi sana kuitwa hivyo. Furaha ilidumu wiki moja.

Baadaye jina lile likawa mzigo. Akidaka, walisema, "Kama Zuleikha!" Akikosa, walisema, "Zuleikha angeudaka huo." Na alikuwa akikosa. Mipira ya karibu haikumponyoka, lakini ya mbali ilimpita kushoto, ikampita kulia, na mara moja ikamwangukia begani.

"Unaogopa mpira," Phoebe, mrushaji wao, alimwambia.

"Siogopi."

"Basi ni uvivu."

Nasimiyu akaamua kufanya bidii zaidi. Kila jioni alipanda na kushuka ngazi za nyumba yao mara ishirini. Aliruka kamba darini, juu ya paa tambarare la nyumba, hadi miguu ikatetemeka. Alirusha mpira ukutani na kuudaka mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Darasani alisinzia. Mezani alisinzia. Na mipira ya mbali iliendelea kumpita.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Mwanzoni mwa muhula, muuguzi alikuja shuleni kupima macho ya wanafunzi kwa ubao wa herufi. Siku hiyo hiyo, ndani ya basi, msichana mmoja mkubwa alikuwa amesema kwamba mpokeaji mwenye miwani hawezi kuchaguliwa na kocha yeyote. Nasimiyu aliposimama kwenye foleni, aliwasikiliza waliomtangulia wakisoma herufi, akazikariri zote. Zamu yake ilipofika, alizitaja bila kukosea, ingawa mstari wa chini aliuona kama vumbi jeusi. Tangu siku hiyo alikuwa akinakili masomo kutoka daftari la Michelle, rafiki aliyekaa naye dawati moja, kwa sababu maandishi ya ubaoni hakuyaona vizuri.

Jumanne moja jioni, mazoezini, Kocha Levis aliwapanga Nasimiyu na Zuleikha wakimbie kwa kupishana. Mmoja akate kwenda kulia, mwingine kushoto. Phoebe alirusha mpira juu. Nasimiyu aliinua uso, akakodoa macho kuutafuta angani, lakini hakuona kitu. Akazidi kukimbia, akabadili njia ghafla, akidhani kimvuli alichokiona ndicho mpira. Akamgonga Zuleikha kwa nguvu zake zote.

Zuleikha alianguka juu ya mkono wake wa kulia. Alipiga kelele mara moja tu, kisha akauma meno.

Kesho yake alikuja shuleni mkono ukiwa umefungwa bandeji. Kifundo kilikuwa kimeteguka. Daktari alisema asicheze kwa wiki tatu.

"Amefanya makusudi," Phoebe alisema mbele ya timu nzima, akimtazama Nasimiyu. "Anaitaka nafasi ya mwenzake. Na sasa ameipata."

Aliyejibu ni Zuleikha mwenyewe.

"Acheni hayo! Nilimwona usoni kabla hajanigonga. Hakunikusudia. Alikuwa hanioni kabisa." Kisha akamgeukia Nasimiyu, akasema kwa upole, "Sivyo, mwenzangu? Hukuniona."

"Jua lilikuwa machoni," Nasimiyu alijibu.

Zuleikha alimtazama. Jioni ile jua lilikuwa nyuma yao, na wote wawili walilijua hilo. Zuleikha alikaa tu chini na kuupakata mkono wake.

Kama angemtukana, Nasimiyu angestahimili. Kutetewa na mtu uliyemuumiza, huku unamdanganya, ndiko kulikomshinda.

Jioni alimkuta mama yake amelala chali mkekani, miguu imeinuliwa ukutani kupunguza uvimbe. Nasimiyu alikaa kando yake.

"Mama, nimemuumiza mtu."

Akasimulia yote: mgongano, maneno ya Phoebe, jua lisilokuwepo, na hatimaye zile herufi alizozikariri. Mama alishusha miguu na kuketi.

"Miezi miwili, Nasimiyu? Miezi miwili huoni ubao na hukuniambia?"

"Niliogopa kuachwa nje ya timu."

"Nami nikiona alama zako zinashuka, nikawa nakugombeza uache kucheza darini!" Mama alifunga macho. Sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa imechoka tu. "Haya. Macho tutayapima kesho nikitoka kazini. Lakini kocha wako na huyo binti utawaambia wewe mwenyewe. Sitakusemea."

Asubuhi Nasimiyu alimtafuta Kocha Levis kwenye stoo ya vifaa vya michezo, akamwambia. Kocha alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi juu ya boksi la mipira.

"Kudanganya kwako kumemuumiza mtu," alisema. "Hilo ni kosa, nawe unalijua. Lakini na mimi nina langu. Nilikuona unadaka vizuri karibu na unakosa mbali, kila siku. Ningeuliza kwa nini. Badala yake nilikuwa nikitaja jina la Zuleikha."

Saa ya mapumziko Nasimiyu alisimama mbele ya timu.

"Sikuona mpira, wala sikumwona Zuleikha. Sioni vizuri mbali. Nilimdanganya muuguzi, nikawadanganya na ninyi. Zuleikha, nisamehe."

Zuleikha alicheka kidogo. "Jua gani lile, lilikuwa kisogoni! Nilijua kuna jambo. Nimekusamehe, lakini mkoba wangu utanibebea wiki zote tatu."

Phoebe alichezea kitambaa cha mshipi wake. "Nami nilikuonea," alisema hatimaye. "Samahani."

Baada ya siku chache Nasimiyu alipata miwani, na nyingine ya michezo yenye mkanda wa kufunga kisogoni. Siku ya kwanza aliyoivaa uwanjani, mpira ulipotoka mkononi mwa Phoebe aliuona ukizunguka, nyuzi zake nyeupe zikipinduka juu na chini. Alishangaa sana hata akasahau kunyoosha mikono. Mpira ukapita, na safari hii hata Phoebe alicheka.

Zuleikha alisimama pembeni mwa uwanja, mkono ukiwa bado na bandeji, akimwelekeza. "Usiukimbilie kama unafukuzwa! Utazame kwanza. Ukishajua unakwenda wapi, miguu itafuata."

Siku ya mechi, Zuleikha alikuwa bado kwenye benchi. Nasimiyu alidaka mipira miwili mirefu na kukosa mmoja. Timu yao ilifungwa kwa tofauti ndogo. Walirudi wamelowa jasho na hawana nguvu ya kuongea, lakini hakuna aliyesema nani angedaka nini.

Jioni hiyo Nasimiyu alisimama dirishani. Basi la hoteli lilisimama chini, na kwa mara ya kwanza aliweza kuona vizuri kutoka juu kule. Mama alishuka, akapiga hatua chache, akashika kiuno kwa mikono miwili. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, kichwa kimeinama. Alikaa hivyo kwa dakika kadhaa. Aliponyanyuka alijipangusa uso, akanyoosha mtandio wake, na alipofika mlangoni alikuwa akitabasamu.

"Hujambo, mwanangu? Mechi imekuwaje?"

"Sijambo. Tumefungwa. Mama, mgongo unakuuma?"

"Aa, ni uchovu wa kawaida tu."

"Nimekuona pale chini, umekaa."

Tabasamu la mama likaondoka. Alivua viatu, akaketi kitandani, na Nasimiyu akaketi karibu naye.

"Mgongo huu una mwezi wa pili sasa ukiniuma," mama alisema polepole. "Nimekuwa nikijiambia utapona wenyewe." Alitikisa kichwa. "Nikakugombeza wewe kwa kuficha shida ya macho, kumbe mimi nafanya lilelile. Sikiliza, Nasimiyu. Bidii ni nzuri, wala sitaki uiache. Ila mtu akificha mahali panapomsumbua, bidii yake yote huishia kwenye kuficha. Anachoka, anawaumiza na wenzake, na hafiki popote. Kwanza tuseme ukweli, tusaidiwe, kisha ndipo tufanye kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Siku yangu ya mapumziko tutakwenda kliniki pamoja."

"Na usimfiche daktari kitu."

Mama alicheka, akajinyoosha kitandani kwa uangalifu. "Sitamficha," alisema, na kabla Nasimiyu hajamletea chai, alikuwa amekwisha kulala.