Kazi Yao Kuitikia

Santuri ya majaribio ya albamu ya pili ililetwa Jumanne, na kabla wimbo wa kwanza haujaanza, mtu alikohoa ndani yake. Lemuel Gaddis akairudisha sindano mwanzo. Kikohozi kile kile, kifupi, kikavu. Alikijua. Alikuwa amekisikia kwa miaka sita nyuma ya majukwaa, na mwenye kukikohoa walimzika Machi.

Wakorintho, kundi la waimbaji la Lemuel, walikuwa wanne, vijana wa kanisani wa magharibi ya Dayton, Ohio. Roscoe Tarpley aliita, watatu wakaitikia. Wimbo wao mmoja tu ndio uliovuma, lakini ulivuma kweli. Kiangazi kile hapakuwa na kinyozi wala kibaraza kisichoupiga. Roscoe anauliza, "Nani atabaki nami?" Watatu wanajibu, "Sisi tutabaki!"

Hawakubaki. Koo la Roscoe lilipoota uvimbe, wakaingia studio kurekodi albamu ya pili na mwimbaji mwingine, Roscoe yuko hospitali amepakwa kafuri kifuani. Picha yake ikaondolewa kwenye jalada. Habari aliipata kwa redio, kwenye kitanda alichofia Machi. Mimi nasema ilikuwa aibu, na wao walijua.

Wa kwanza kwenda alikuwa Cleotha, mwenye sauti nzito. Alikuwa ananyoa ndevu, nakala yake ya santuri ile mpya inazunguka sebuleni. Mkewe akasikia Roscoe, ambaye hakuimba humo, akiuliza, na Cleotha, povu shavuni, akaitikia bila kufikiri. Alikohoa mara moja. Jioni hakuwa na sauti, na Jumapili hakuwapo duniani. Wiki ya pili mwenzao Harvell aliitikia ndani ya gari, naye akaenda. Mdogo wake anaapa redio ilikuwa imezimwa.

Akabaki Lemuel, na binti yake Denetta wa miaka tisa, ambaye hakuwa na mwingine duniani tangu mama yake aondoke. Lemuel akamwita Mama Zipporah Mims wa kanisani, aliyekuja mchana wa Agosti na gauni lake jeupe na chupa ya mafuta ya upako.

"Kule kwetu Georgia tulifunzwa nini?" alinong'ona, akipaka mafuta mlango wa jikoni. "Ukiitwa na usiyemwona?"

"Usiitike, Mama."

"Na nyie wajinga mkafanya kuitikia ndiyo kazi."

"Mdomo unajiendea wenyewe, Mama. Naogopa."

"Ogopa tu, una haki. Ataita mara tatu. Asipojibiwa zote tatu, hana tena pa kushika. Akijibiwa, aliyejibu ni wake." Akamjaza kitambaa mdomoni, akakifunga kwa kingine, fundo kisogoni. "Mtoto yuko wapi?"

Lemuel akaonyesha nje.

"Vizuri. Mbali na santuri hii. Dirisha liache wazi, lazima apate pa kutokea."

Sindano ikashuka. Kikohozi. Kisha, juu ya ngoma na gitaa la besi, sauti ile tamu iliyowahi kuwaliza wanawake wa Ohio ikauliza nani atabaki nayo. Koo la Lemuel likaruka lenyewe, akauma kitambaa.

Mara ya pili haikutoka kwenye santuri. Ilitoka nyuma ya sikio lake la kushoto, mahali Roscoe aliposimama siku zote kwenye maikrofoni yao moja, na pamoja nayo ikaja harufu ya kafuri, nzito, ya kitandani, hata Mama Mims akaziba pua huku zaburi ikimkatika mdomoni, na Lemuel akang'ang'ania meza, machozi yakimtiririka, akiomba msamaha moyoni kwa sababu moyoni tu ndiko alikoruhusiwa kusema.

Kisha kimya. Santuri ikafika mwisho ikawa inakwaruza. Pazia likavutika kuelekea nje, ingawa hapakuwa na upepo, na ile harufu ikatoka nalo.

"Amekwenda," Mama Mims alinong'ona. "Asante Yesu, amekwenda."

"Lakini hajaita mara ya tatu," ndivyo Lemuel alivyotaka kusema, na hakuweza. Nje, chini ya dirisha, kamba mbili za kuruka zilikuwa zinapiga lami, wasichana wawili wanazungusha, Denetta katikati anaruka, watoto watatu waliolelewa na wimbo ule tangu kunyonya. Na hapo hapo barazani sauti ikauliza, taratibu, kama mgonjwa anayeomba maji, na Lemuel akakimbilia mlango akilivuta lile fundo, kwa kuwa angeweza kujibu yeye, angeweza kumtangulia mwanawe kwa neno moja tu, na fundo la Mama Mims lilikuwa limekaza.

"Sisi tutabaki!" waliitikia wote watatu, wakicheka.

Kamba zikaanguka. Denetta alimwona baba yake mlangoni na kitambaa mdomoni, akafungua kinywa amuulize kulikoni, akakohoa. Kifupi, kikavu.