Pedali ya Kushoto na Kitambaa Chekundu

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Spoku alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa shati kuukuu lenye madoa ya grisi na kwenda moja kwa moja kwenye baraza ya nyuma. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu alikuwa binti mrefu na mwembamba kama waya wa gurudumu. Jina lake halisi lilitumika siku za mtihani tu.

Baraza ile ndiyo iliyokuwa karakana ya nyumbani. Shangazi alikuwa mpeleka barua, na baiskeli yake aliitengeneza mwenyewe tangu tairi hadi kengele. Spana, koleo na bisibisi zilining'inia kwenye ubao ukutani, na nyuma ya kila kifaa palichorwa umbo lake kwa chaki. Spana ikikosekana, umbo tupu lilikukodolea macho mpaka uirudishe. Gololi zilikaa kwenye kopo, na mipira ya ndani iliyochakaa ilikatwakatwa kuwa kamba za kufungia mizigo.

"Hapa hakitupwi kitu," Shangazi alipenda kusema. "Wewe ukisema 'cha nini?', mwenzio anasema 'nitakipata wapi?'"

Na kweli, kila Jumamosi asubuhi wapenda baiskeli wa mtaa walikutana mbele ya karakana ya seremala, wakatandika turubai na kubadilishana vipuri. Hapakuwa na fedha. Mtu alitoa kiti akapata tairi, mwingine akatoa mnyororo akapata taa. Sheria ilikuwa moja tu: kifaa chenye kasoro kilifungwa kitambaa chekundu, na mwenye nacho alieleza kinaumwa wapi. Kisicho na kitambaa kilikuwa kizima, na neno la mwenyewe lilitosha.

Kwa miezi minne Spoku alikuwa akiunda baiskeli yake mwenyewe kwa vipuri vya turubai lile. Sasa ilibaki kitu kimoja tu: breki. Jumapili wenzake wote wangeendesha hadi darajani na kurudi, naye Shangazi alikuwa amekata shauri.

"Bila breki mbili nzima, utakwenda darajani kwa miguu."

"Lakini Shangazi, viatu vyangu vinasimamisha vizuri!"

"Viatu vyako nilivinunua uendee shule, si usagie barabara."

Kitu pekee alichokuwa nacho cha kubadilisha kilikuwa jozi ya mikono, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika pedali, pamoja na pedali zake. Ijumaa mchana, Shangazi akiwa bado kazini, Spoku aliisugua mpaka ikang'aa. Akaona ingependeza zaidi ikiwa pedali zimefungwa tayari.

Pedali za baiskeli si pacha kama zinavyoonekana. Ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia, na ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kuelekea kushoto, ili zisijifungue mtu anapokanyaga. Ndiyo maana kila moja ina herufi yake kwenye ncha. Shangazi alikuwa amemwambia mara ishirini: "Soma kwanza, kaza baadaye." Lakini siku ile Spoku hakusoma. Alichukua pedali iliyokuwa karibu, akaiingiza kwenye mkono wa kushoto, na ilipokataa kuzunguka, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi.

Chuma kililia *kriii!*, kisha kikawa laini ghafla.

Alipoifungua, unga wa chuma ulimwagika mapajani mwake. Ilikuwa pedali ya kulia. Vile vijino vya ndani ya tundu, ambavyo ndivyo huishika pedali, vilikuwa vimeliwa. Akaijaribu pedali ya kushoto yenyewe. Ikacheza kama jino bovu.

Spoku akakaa chini. Akaiona safari ya darajani ikiyeyuka. Kitambaa chekundu kilikuwa pale, ndani ya kopo. Lakini nani angetoa breki nzima apewe mkono mbovu?

Ndipo macho yake yalipoangukia kikapu cha nyuzi za kushonea kando ya mlango. Akachukua uzi mweusi, akauzungusha kwenye ncha ya pedali tabaka juu ya tabaka, akaupaka grisi tele na kukaza. Safari hii pedali ikatulia. Aliitikisa, haikucheza.

"Itashika tu," alijiambia. Lakini mikono yake ilinuka grisi hata baada ya kuosha mara tatu.

Asubuhi yake, kwenye turubai, muuza maziwa alikuwa wa kwanza kuiona. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye baiskeli kubwa iliyobeba makopo mawili ya maziwa huku na huku.

"Shikamoo, Mzee Maziwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu, hii mikono ni ya nani? Yangu inalia kama panya. Nikifika kwa wateja, paka ndio wanaonipokea!"

Watu wakacheka. Alikuwa na breki mbili, pamoja na waya zake. Spoku akaisogeza jozi mbele yake.

"Hutaikagua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nikague nini? Vitu vya nyumba ya shangazi yako havikaguliwi." Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa raba mpya nne za breki. "Na hizi chukua, nyongeza. Kwa uzee huu sitaki kusikia mtoto kapiga ukuta."

Spoku alisema asante huku akitazama turubai.

Adhuhuri breki zilikuwa zimefungwa. Akazijaribu uani. Baiskeli ikasimama papo hapo, kimya kabisa. Angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake, kila alipobana breki alimwona Mzee Maziwa akitabasamu.

Mara akaingia rafiki yake wa darasani aliyeitwa Kengele, kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia.

"Mama yangu wee! Imekamilika! Sasa umebaki wewe tu kutengenezwa."

"Niache, Kengele."

"Eti una nini? Umenuna kama tyubu yenye pancha. Huko nje unasifiwa, wewe! Mzee Maziwa ameshafunga mikono yake, anamwonyesha kila mtu. 'Sikilizeni, hata panya hayupo!' Kapakia makopo, sasa hivi anaanza mzunguko wa jioni mapema. Nimemwacha anaelekea barabara ya mteremko."

Spoku aliganda. Barabara ya mteremko ilishuka moja kwa moja hadi kwenye barabara kuu ya malori. Mtu mnene, makopo mawili yaliyojaa, na pedali iliyoshikwa na uzi wa kushonea.

"Spoku? Mbona umebadilika sura?"

Alirukia baiskeli na kutoka langoni kama mshale.

"Ngoja basi!" Kengele alipiga kelele nyuma yake. "Nimekosa nini mimi?"

Alipita dukani, akapita kisimani, jasho likimwingia machoni. Mbele, mwishoni mwa barabara, akayaona makopo yakimetameta.

"Mzee Maziwa! Simamaaa!"

Mzee Maziwa aligeuka, akamwona, akapunga mkono kwa furaha. "Hongera, binti! Naona inakimbia!" Akaendelea kukanyaga pedali.

"Simama! Pedali!"

"Ndiyo, pedali nzuri sana!"

Hatua chache kabla ya mteremko kulikuwa na nyumba ya mteja. Mzee Maziwa alikuwa karibu kuipita, kwa kuwa mteja yule hununua maziwa asubuhi, lakini mama wa nyumba alitoka na sufuria na kumwita. Mzee Maziwa akashusha mguu chini. Spoku akabana breki zote mbili, akasimama kandokando yake akihema.

"Usi... usishuke mteremko, Mzee. Mkono wa kushoto ni mbovu. Nimeuharibu mimi, nikauficha."

Mzee Maziwa akamtazama, kisha akainama. Akaishika pedali kwa vidole viwili tu na kuizungusha. Ikatoka. Uzi mweusi ukafuata nyuma yake, ukijikunjua taratibu, mrefu kama mkia wa panya.

Akaushika uzi ule, akauinua juu.

"Umenishonea baiskeli, mwanangu?"

Mama mwenye sufuria akacheka. Lakini Mzee Maziwa hakucheka. Aliutazama mteremko, kisha akatazama lori lililokuwa likipita kule chini. Mtazamo ule ulimchoma Spoku kuliko kofi.

"Nisamehe, Mzee," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilitaka kwenda darajani. Breki zako nitazifungua leo leo."

"Machozi hayakazi pedali," alisema muuza maziwa, ingawa sauti yake ilikuwa imelainika. "Shika kopo hili. Twende kwa shangazi yako."

Wakarudi kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli kubwa, Spoku akisukuma yake na kopo limefungwa nyuma. Njiani walikutana na Kengele akikimbia. Alipoona nyuso zao, alifuata nyuma akisaidia kusukuma baiskeli kubwa.

Shangazi alisikiliza yote akiwa amesimama na kofia yake ya kazi kichwani. Hakupaza sauti. Alichukua spana na kumkabidhi Spoku.

"Fungua breki za watu."

Spoku akazifungua, na raba nne pia, akazirudisha kwa mikono miwili. Kisha akamsaidia Mzee Maziwa kurudisha ile mikono yake ya zamani inayolia. Safari hii alisoma herufi kwa sauti kabla ya kukaza.

Jumapili wenzake walikwenda darajani. Spoku alisimama langoni akawapungia mikono mpaka vumbi likatulia.

Jumatatu Shangazi alimpeleka kwa fundi vyuma. Fundi akautazama mkono ulioharibika, akasema, "Unapona huu. Tundu litapanuliwa, nitatia bushi, yaani kipete cha chuma chenye vijino vipya ndani. Lakini bure sifanyi, na mimi nina ndoo ya skrubu zilizochanganyika tangu mwaka juzi."

Kwa siku tatu, baada ya masomo, Spoku alichambua skrubu: fupi na fupi, ndefu na ndefu, zilizopinda pembeni. Siku ya nne fundi alimwonyesha jinsi ya kukata vijino vipya, akamwachia azungushe kifaa mwenyewe, polepole, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Pedali ya kushoto ilipoingia, iliingia kwa vidole, laini kama kijiko kwenye uji.

Jumamosi ikafika. Spoku alitandaza ile jozi kwenye turubai, na kabla ya kitu kingine, akafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto.

"Mkono huu una kasoro," alisema, akiwatazama wote. "Niliuharibu kwa kutosoma herufi, nikaficha kwa uzi, nikampa Mzee Maziwa. Sasa umetiwa bushi. Fundi vyuma anasema utadumu, lakini lazima mjue."

Mzee Maziwa akasogea, akachuchumaa kwa shida, akatoa miwani mfukoni.

"Leo nakagua," alisema.

Akaifungua pedali, akachungulia tundu, akaifunga, akaifungua tena. Spoku hakuona vibaya hata kidogo. Alitamani aendelee kukagua.

"Kazi nzuri," alisema hatimaye, akavua miwani. "Paka wamenichosha. Breki zako hizi hapa."

"Na raba?" Kengele akadakia.

"Raba achukue, ila azifanyie kazi. Nitamletea baiskeli yangu kila Alhamisi aitie grisi."

"Lakini si uzi!" Kengele akapiga kelele, na turubai zima likaangua kicheko, Spoku akiwa wa kwanza.

Walipokuwa wakikusanya vitu, Shangazi alikifungua kile kitambaa chekundu, akakikunja na kukitia kwenye mfuko wa shati la Spoku.

"Kila fundi huharibu, mwanangu, hata mimi," alisema. "Kasoro ukiisema, inakuwa kazi ya kutengeneza. Ukiificha, inabaki inamsubiri mtu kwenye mteremko. Kitambaa hiki hakimwaibishi mtu. Kinamlinda mwenzake."

Kesho yake, Jumapili, hapakuwa na safari ya kundi. Lakini saa mbili asubuhi Shangazi aligonga dirisha, naye alikuwa amekwisha kuitoa baiskeli yake uani.

"Haya, Spoku. Daraja halijahama."

Walipofika kwenye barabara ya mteremko, Spoku alisimama kwanza. Aliinama akasoma herufi, kulia na kushoto. Kisha akabana breki zote mbili, akaziachia kidogo kidogo, wakaanza kushuka.