Kohoa Ikigeuka

Siku ya kufungua shule, duka la vifaa vya wanafunzi lilijaa hadi mlangoni. Wazazi walisukumana, watoto walilia, na feni ya darini ilizunguka kivivu bila kumpoza mtu. Msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na miwani minene kama kitako cha glasi, alikuwa amebanwa ukutani mbali na rafu.

"Kaka, samahani, nisaidie hilo faili la kijani hapo juu yako."

Kijana mrefu, shati limepigwa pasi likapigika, akanyoosha mkono na kumpa la kahawia.

"La kijani, kaka."

Akampa jekundu.

Msichana akamtazama kwa jicho la pembeni, kisha akacheka. "Wewe unanichokoza! Umeona nimevaa kijani, unajifanya hukijui."

"Umenikamata," akasema kijana, naye akacheka. Jasho lilimtiririka shingoni, na halikuwa la joto. Angesema ukweli pale pale, kwa mtu asiyemjua, hadithi hii ingekuwa fupi na nzuri. Hakusema.

Kumbe walikuwa wanakwenda shule moja. Ilikuwa shule ya hisabati na sayansi tu, ya kuchuja waliokwisha kuchujwa. Ilichukua vijana wakubwa waliomaliza sekondari waking'ara, ikawapa miaka miwili, halafu mtihani mmoja wa kuamua nani daktari, nani mhandisi, na nani arudi kwao. Kengele ililia kabla ya jua. Jumamosi mtihani, Jumatatu majina ubaoni, wa kwanza hadi wa mwisho. Watu walikula wamesimama, kijiko mkono mmoja, kanuni za fizikia mkono mwingine. Mwenzao mmoja alikuja kuchukuliwa na mjomba wake baada ya kukutwa anaandika milinganyo kwenye shuka, na kesho yake kitanda kikapewa mtu mwingine. Hakuna aliyemuulizia. Muda wa kuuliziana haukuwemo kwenye ratiba.

Msichana wakambatiza Darubini kwa ajili ya ile miwani. Kijana wakamwita Pai, kwa sababu aliweza kutaja tarakimu za namba hiyo ya duara isiyoisha kuanzia foleni ya chakula mpaka mezani bila kukosea. Kwenye hesabu hakuwa na mpinzani. Kwenye maabara ya kemia walipangwa meza moja.

Kuna jaribio ambalo mwanafunzi hudondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki, tone kwa tone, hadi maji ya manjano yaliyo kwenye chupa yageuke rangi ya chungwa. Hapo anafunga koki na kusoma kipimo. Akichelewa kidogo tu, jibu limeharibika. Darubini alimtazama mwenzake akidondosha, akidondosha, na chupa imeshakuwa nyekundu.

"We Pai, funga! Huoni?"

"Sioni," akasema.

Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na utotoni Pai alichapwa mara nyingi kwa kumletea uzi wa kijani wa kushonea nguo nyekundu. Mama alidhani ni uzembe. Pai akajifunza kunyamaza, na kunyamaza kukawa tabia.

"Wakijua watanitoa," alinong'ona. "Mhandisi wa kemia gani haoni rangi? Mama ameshamwambia kila mteja wake."

Darubini alivuta pumzi. "Basi tufanye hivi. Ikianza kugeuka, nitakohoa."

"Na ukiwa umesafiri?"

"Nisafiri niende wapi na mazoezi yote haya?"

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kukohoa. Hapakuwa na bustani wala matembezi. Palikuwa na meza ya maabara yenye madoa, harufu ya asidi, na kikohozi kidogo cha adabu kilichomfikia Pai pale alipokihitaji. Likizo walipigiana simu.

"Umevaa nini leo?"

"Gauni jipya, la zambarau."

"Zambarau ndiyo ikoje?"

"Kama wewe ukinuna."

"Basi ni rangi nzuri mno."

"Mwone! Unajisifu mpaka kwenye simu?"

"Sikia, mpenzi. Mtihani ukiisha, mimi na mama tutakuja kwenu. Nataka unichagulie mashati mpaka nizeeke."

"Njoo," akasema Darubini. "Lakini uje umefaulu. Baba yangu ana maswali mengi kuliko Mwalimu wa Kemia."

Muhula wa mwisho uliwakausha wote. Saa za jioni Darubini alizimalizia maabara, akimkoholea Pai mazoezi yake, na masomo yake mwenyewe yakabaki kiporo. Taa za bweni zilizimwa mapema, kwa hiyo alidamka gizani akasome barazani, penye taa na baridi. Aliamka amechoka na kulala amechoka. Siku ya kuamkia mtihani wa vitendo alimsubiri Pai nje ya bwalo.

"Nimezungumza na fundi wa maabara. Anasema asiyeona rangi anaruhusiwa mtu wa kumtajia, halali kabisa. Unakwenda tu kwa mkuu wa shule leo, unasema."

Uso wa Pai ulibadilika. "Umemwambia?"

"Nimeuliza tu. Jina sikutaja."

"Anatujua meza yetu! Umeniuza."

"Nimechoka, Pai. Sitaweza kukukoholea maisha yako yote."

"Basi usikohoe."

Aliondoka bila kugeuka. Kwa mkuu wa shule hakwenda. Alijua moyoni kwamba kesho Darubini atakohoa tu, kwa sababu hajawahi kumwangusha.

Na Darubini alikohoa. Alfajiri ile aliamka kifua kimembana, pua imeziba, sauti imekwenda. Mazungumzo yalipigwa marufuku tangu kwenye foleni, na Pai alipita kando yake akitazama mbele. Ndani, Pai alikaa meza ya nyuma ya Darubini. Darubini aliisikia koki ikifunguliwa, akahisi koo linawasha. Aliuma mkono wa koti lake jeupe la maabara, machozi yakamtoka, akauma zaidi. Kikohozi kikatoka.

Pai akafunga koki. Maji yalikuwa bado manjano.

Akarudia. Kikohozi kikaja mapema kuliko kile cha kwanza. Mara ya tatu kilikuja mfululizo, kimoja juu ya kingine, na Pai akabaki ameshika koki hajui afunge kwa kipi. Vipimo vitatu, majibu matatu yasiyojuana.

Nje, Pai alimsubiri. "Ahsante. Umenikomoa vizuri."

Darubini akafungua mdomo kumjibu, kikatoka kikohozi. Pai alidhani anaendelea kumcheka, akaenda zake. Kichwa kilichobeba tarakimu zote zile kilishindwa hesabu ndogo kama hiyo, kwamba mtu anayekohoa ni mgonjwa.

Shule ilipofungwa, Darubini alipiga simu kwa kina Pai kila Jumapili. Mama wa Pai ndiye aliyepokea.

"Mwanangu, amesema hayupo. Na amesema hivyo amekaa hapa mbele yangu."

"Hajambo lakini, mama?"

"Hajambo wa nini? Amekaa tu. Nyinyi mmegombana nini?"

Darubini angemjibu nini? Mama mwenyewe hakujua habari ya macho ya mwanawe. Alisema ni mambo ya masomo tu, akaaga.

Matokeo yalitoka. Darubini alipata nafasi ya udaktari, chuo cha mbali. Pai aliongoza hesabu shule nzima, akaanguka kemia kwa ule mtihani wa vitendo, na bila kemia ile hesabu haikumfungulia mlango wowote. Mama yake alirudi kwenye cherehani na kushona kwa kasi. Pai akatafuta kazi, akaipata kwenye lile lile duka la vifaa vya wanafunzi.

Msimu wa kufungua shule ulipofika tena, duka lilijaa hadi mlangoni.

"Kaka, nisaidie faili la kijani."

Aliitambua sauti kabla hajainua uso. Gauni lilikuwa lile lile, kola nyeupe ile ile. Mkono wake ulinyooka kuelekea rafuni, ukasimama.

"Sioni rangi," akasema, na sauti ilisikika mpaka kaunta. "Kijani, nyekundu, kahawia, kwangu zote moja. Nioneshe kwa kidole."

Duka halikuanguka. Mama mmoja alisema pole na kuendelea kuchagua penseli. Mwenye duka aliinua kichwa. "Mbona hukusema siku zote? Ningekuweka upande wa vitabu." Kisha akaendelea na mteja wake.

Ni hayo tu. Kitu alichokificha tangu utotoni, kilichomgharimu uhandisi na huyu msichana, kilimalizwa kwa sentensi mbili za mwenye duka. Pai aliona aibu mpya, mbaya kuliko ile ya zamani.

"Faili sitaki," akasema Darubini taratibu. "Nimekuja kununua koti jipya la maabara. Hili limeharibika." Akalitoa mkobani. Mkono wa koti ulikuwa na matundu ya meno, duara juu ya duara.

Weupe Pai aliuona vizuri. Alipitisha kidole kwenye matundu, moja moja.

"Ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa."

"Mungu wangu. Nisamehe, mpenzi."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ni wewe tu hukupokea simu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Rudia mtihani. Watakupa mtu wa kukutajia."

"Mwaka huu usajili umeshafungwa."

"Mwakani, basi. Gari la kwenda chuoni linaondoka mchana huu, Pai. Nikungoje?"

Pai alitaka kusema ndiyo. "Usiningoje. Ulinisomea mimi ukaugua. Huko nenda ukajisomee mwenyewe."

Darubini alilia bila kujificha, katikati ya watu. "Nikipiga utapokea?"

"Nitapokea."

Pai alimfungia koti jipya kwenye karatasi, akamsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Nje, gauni la kijani liliingia kwenye umati wa nguo nyingine, na kwa macho yake zote zilikuwa moja. Akampoteza hapo hapo.

Kisha, mahali fulani barabarani, mtu alikohoa. Vidole vya Pai vikajikunja hewani, vikafunga koki isiyokuwepo.

"Unafunga nini?" akauliza mwenye duka.

"Hakuna," akasema Pai, akamgeukia mteja aliyefuata.