Janiyah Anyamaza

Kila Jumapili, Janiyah na bibi yake, Earline, hukaa benchi la pili katika kanisa lao la Wamarekani Weusi mjini Macon. Mhubiri akisema neno zito, watu humwitikia: "Sema!" "Kweli kabisa!" Anayenyamaza hudhaniwa kasinzia, au anaringa. Janiyah alikulia humo.

Mwaka mmoja alihamia shule ya upande wa pili wa mji, ambako Weusi walikuwa wachache. Siku moja Mwalimu Kessler aliwasomea hadithi ya mama aliyempoteza mwanawe, akaisoma vizuri mno. Janiyah machozi yakamlenga. "Sema, Mwalimu," akaitikia.

"Unanidhihaki tena?"

"Hapana, Mwalimu. Imenigusa tu."

"Na kujibizana juu!" Mwalimu akaandika karatasi ya nidhamu. Ilikuwa ya tatu, na karatasi tatu ni kufukuzwa siku tatu. Nyuma ya Janiyah, Tanner, mtoto wa Kizungu, alikuwa akiwatupia wenzake vipande vya raba tangu asubuhi. Yeye aliambiwa, "Tanner, rafiki yangu, tulia basi."

Askari polisi wa shule alikuja kumtoa Janiyah. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, eti askari! Watoto wakachungulia milangoni, naye akaona aibu.

Kesho yake Bibi Earline aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu na kofia yake ya kanisani kichwani; Mwalimu Kessler naye alikuwa ameitwa. Aliomba karatasi zote, akazisoma kwa sauti.

"'Alisema ndiyo.' 'Alisema kweli.' 'Alisema sema.' Mwanangu, hapa kosa ni lipi? Kanisani kwetu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na huyo Tanner ana karatasi ngapi?"

Mwalimu mkuu akafungua jalada. Hakukuwa na hata moja.

Mwalimu Kessler uso ukamwiva. "Nilidhani ananicheka," akasema. "Nilimuuliza."

"Ulimuuliza. Jibu hukulisikiliza," akasema Bibi Earline.

Adhabu ikafutwa siku hiyo hiyo. Jumatatu Mwalimu Kessler alisimama mbele ya darasa. "Nilimwadhibu Janiyah kwa sababu nilishaamua ni mkorofi kabla hajafungua mdomo," alisema. "Nilikosea. Msimhukumu mtu kwa rangi yake, wala kwa desturi msiyoijua. Muulizeni, kisha mumsikilize." Akaendelea na hadithi, akatua mahali pazuri, akamtazama Janiyah na kungoja aitikie. Janiyah aliinamia daftari lake.

Jumapili mhubiri alisema neno zito. "Sema!" akaitikia Bibi Earline, kisha akamgeukia mjukuu wake. Janiyah alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kimya.