Theluji ya Lokobe

Bacar alikosa. Watu wa Nosy Be wakikusimulia watakwambia alikosa kwa kidole, lakini mwenyewe, siku alipokiri mbele ya mkewe, alisema kosa lilianzia mdomoni. Kukiri ni nusu ya toba, ndivyo tulivyofundishwa. Nusu ya pili ni radhi ya uliyemkosea, na hiyo... sikiliza kwanza.

Siku hizo Mfaransa ndiye aliyekuwa na amri, tangu kisiwa cha Nosy Be hadi bandari ya Mahajanga. Bacar alikuwa kijana wa Mahajanga, wa ukoo wa Kingazija, amehitimu Kurani na kuionja kidogo shule ya Wafaransa, kiasi cha kusoma tarakimu na kusema "wi, msyu", yaani ndiyo, bwana. Tarakimu hizo ndizo zilizompatia kazi. Alichukuliwa na Msyu Perroud, mpima misitu, wakavuka hadi Nosy Be kuupima msitu wa Lokobe. Mti ulizungushiwa kamba kiunoni ujulikane unene wake, ukapigiliwa kibati chenye namba, na kando yake kikatundikwa kipimajoto. Msyu alikuwa mtu wa milimani. Misitu ya kwao yenye theluji alikwisha kuipima, sasa alitaka kuilinganisha na ya joto.

"Kwetu, Bacar, mvua ya baridi huanguka kimya," alikuwa akisema. "Nyeupe. Ukiamka asubuhi, mlima wote umefunikwa."

Bacar aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Moyoni aliuona ule mlima umevikwa sanda.

Aliyewaongoza msituni ni Jaovelo, Msakalava mwenyeji wa kisiwa, mrina asali, mtu wa mizaha.

"Wewe Mngazija unanawa miguu kuliko bata," alimtania Bacar kila alipomkuta akitawadha kijitoni. "Siku moja utaota utando kati ya vidole."

"Na wewe utaota mizizi, kwa unavyozungumza na miti."

Walisema kwa lugha ya Kisakalava, Bacar akichomeka maneno ya kwao pale yalipompungukia mengine, na kwa kutaniana hivyo wakapendana. Jaovelo akamfunza adabu za mahali. Ukiingia msituni, omba ruhusa. Na penye kaburi, au chemchemi ya wazee, au mti wa wafalme, usinyooshe kidole. Ukilazimika kuonyesha, kikunje kama ndoana.

"Kidole kilichonyooka ni mkuki," alisema. "Ukiurusha, hujui utatua kwa nani."

Ndani kabisa ya Lokobe palikuwa na mahali ambapo Msyu hajafika. Miti mikongwe, imefungwa vitambaa vyeupe, na chemchemi miguuni pake. Msyu alipasikia akapatamani. Bacar naye akapatamani. Lakini Jaovelo alisema hapeleki mgeni pale, hupeleka ndugu.

Basi wakafanya udugu, kwa desturi ya wenyeji. Chale kifuani, tone la damu juu ya kipande cha tangawizi, kila mmoja ameze damu ya mwenzake. Jaovelo akatamka kiapo:

"Atakayemsaliti nduguye, jua lisimpashe. Moto usimpashe. Nguo isimpashe."

Akameza chake. Bacar akatia chake mdomoni.

Damu ni haramu, alijua. Angeweza kusema, "Ndugu yangu, dini yangu hainiruhusu," na Jaovelo angecheka, wakatafuta njia nyingine. Hakusema. Alikibana kile kipande kwa meno, akakificha chini ya ulimi, akachezesha koo kama mtu anayemeza, akaenda nyuma ya mti kama mtu anayejisaidia. Akatema. Akajiona mjanja: ndugu kampata, dini kailinda. Tena kiapo kisicho kwa jina la Mungu, alijiambia, hakimfungi Muislamu. Maskini Bacar. Kiapo labda hakikumfunga. Uongo ulimfunga.

Jaovelo akampeleka, miguu mitupu, akamwonyesha kila kitu.

Na Bacar akamwambia Msyu.

"Nitahesabu tu," Msyu aliapa, mkono kifuani. "Msitu uliohesabiwa ndio unaolindwa. Unamsaidia rafiki yako, wewe."

Walisimama mteremkoni, chini yao majani tupu, kijani juu ya kijani.

"Wapi? Sioni."

Bacar akanyoosha kidole. Kimenyooka. Kama mkuki.

Vibati vikapigiliwa juu ya vile vitambaa vyeupe. Msyu akapanda meli na vipimo vyake, akarudi Mahajanga, akamwacha Bacar na vipimajoto. Mvua zilipokwisha wakaja watu wa mbao, na shoka zao na namba zile zile. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja, kama watu waendao kwao. Na nani alisimama pale kuwasomea vibati? Bacar. Aliagizwa, akasoma.

Jaovelo alikuwa mbele ya mti mkubwa kuliko yote. Hakupiga kelele wala hakumtazama mwenye shoka. Alimtazama Bacar, akanong'ona:

"Ulimeza?"

Bacar akainamisha uso. Alipouinua, Jaovelo alikuwa ameshazunguka nyuma ya shina. Shoka zikaendelea. Mti ukalia, ukaanguka. Wakatafuta chini ya shina, chini ya matawi... hata kipande cha nguo hawakukiona. Wenye shoka walisema amekimbia. Bacar naye akaamua kuamini hivyo, maana ndiyo iliyokuwa nyepesi kubeba.

Siku chache baadaye ikaja amri ya Msyu: vipimajoto vyote virudishwe Mahajanga. Bacar akaviangua kimoja kimoja. Alasiri ilipokwisha kuswaliwa kilibaki kimoja tu, cha kule chemchemini. Akasema atakwenda upesi, magharibi imkute kijijini.

Njia ilikuwa ile ile. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Hakuna ndege. Hakuna chura. Hata kimandi, komba wa misitu ile asiyekosa kukoroma jioni, hakukoroma.

Kwanza ilikuja harufu.

Tangawizi.

Mbichi, kali, kama imekatwa sasa hivi. Bacar akasema bismillahi, akaendelea. Kipimajoto kilining'inia kwenye kisiki, kibati kando yake. Akakishika kukisoma. Zebaki ilikuwa inashuka. Aliiona kwa macho yake ikishuka, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi. Ikapita alama za Nosy Be. Ikapita alama ambazo Msyu alimwambia huku hazina kazi, ni za kwao milimani. Ikaingia ndani ya tumbo la kioo kule chini na haikuonekana tena.

Pumzi yake ikatoka nyeupe.

Kitu kikamgusa begani. Kikamgusa shavuni. Akainua uso. Vilikuwa vinaanguka kutoka juu, palipokuwa na miti na sasa pana mbingu tupu. Vyeupe. Vyepesi.

Kimya.

Sufi, alijiambia. Misufi imepasuka mahali. Akakinga kiganja. Kilitua, akakitazama... kikawa maji.

"Ndugu yangu."

Sauti ilikuwa nyuma yake. Ya upole. Bacar hakugeuka, lakini shingo iligeuka yenyewe.

Jaovelo alikuwa amesimama ndani ya chemchemi, maji hayakutikisika. Weupe ule ulikuwa umemjaa nywele na mabega, juu yake hauyeyuki. Kifuani, penye chale ya udugu, palikuwa na kibati. Kimepigiliwa kwa msumari.

"Ulimeza?"

Hapo palikuwa na mlango wa toba, jamani. Ulikuwa wazi. Neno moja tu la kweli.

"Nilimeza," Bacar alisema. "Wallahi, nilimeza."

Jaovelo akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. Akainua mkono. Akamnyooshea kidole.

Kimenyooka.

Bacar alikimbia. Hakujua ameporomokaje hadi ufukweni. Alipofika penye taa za watu, kidole chake cha shahada, kile cha mkono wa kulia, kilikuwa hakina hisia. Alikitia mdomoni kukipasha. Ulimi ulitaka kuganda.

Meli ya moshi ilimrudisha Mahajanga. Unaijua Mahajanga na joto lake, mchana hata mbuzi hugombania kivuli. Bacar alikaa uani kwenye jua la saa sita, amejifunika blanketi, anatetemeka. Baridi ilikuwa imekwisha kula mkono hadi kiwiko. Alipokuwa akiswali na kukinyoosha kidole kwenye tahiyatu, aliona haya mbele ya Mola wake.

Zalifa, mkewe, alifanya mzaha, ndiyo tabia yake akiogopa.

"Mkono wako kama mtungi, baba. Nikuweke pembeni ya mlango, wageni wanywee?"

"Homa tu," alisema Bacar.

Akampelekea Msyu Perroud vipimajoto vyake. Msyu alikigeuza kile cha chemchemini juu chini, akakitikisa karibu na sikio.

"Umekiangusha hiki."

"Sikukiangusha, Msyu. Kulianguka theluji."

Msyu akacheka. "Sufi, Bacar. Na una homa, nenda kwa daktari."

"Ulisema utahesabu tu."

Kicheko kikakatika. "Nilihesabu tu. Waliokata ni wengine."

Bacar akafungua kinywa amlaani. Maneno yalimjaa, ya Kingazija, ya Kifaransa. Amemwamini mtu huyu, kala naye, kambeba kwenye matope! Lakini kabla hajasema akasikia mengine, yakisemwa kwa sauti yake mwenyewe, ndani ya kichwa: mimi nilionyesha tu... mimi nilisoma vibati tu... Akafunga kinywa.

Alipofika mlangoni akageuka mara moja. Msyu alikuwa ameinuka, amelitungua koti zito la sufu lililokuwa likikaa ukutani bila kazi, analivaa. Anafunga vifungo hadi shingoni. Nje, jua lilikuwa linachoma.

Baridi ikapanda. Kiwiko. Bega. Akanunua tangawizi sokoni, akawa anameza kila siku vipande vizima bila kutafuna, hadi Zalifa akamficha kisu. Daktari alimpa dawa chungu ya homa. Mwalimu wake wa Kurani alimsomea, akamwuliza kwa upole: "Kuna mtu unamdai, au kuna mtu anakudai?" Bacar akasema hakuna. Mara ya ngapi sasa? Uongo nao ni kama chumvi, ukizoea mkono hupimi tena.

Jioni moja alitoka kuswali magharibi, akajikokota hadi kwake. Alipoushika mlango, ikamjia ile harufu.

Zalifa alikuwa amekaa mkekani. Hakufanya mzaha.

"Ndugu yako alikuja," alisema.

"Sina ndugu."

"Alisema utasema hivyo."

Bacar akakaa chini.

"Mtu wa Nosy Be," Zalifa alisema kwa kunong'ona. "Amelowa chapachapa, na mvua hakuna. Nikamkaribisha, mgeni ni mgeni. Akasema haingii, amekuja kuuliza neno. Nikampa maji. Hakunywa. Alikishika tu kikombe, akanirudishia, akasema nikuwekee wewe."

Kikombe kilikuwa juu ya kigoda. Bacar akakichukua, akakipindua.

Hakikumwagika kitu.

Maji yalikuwa jiwe. Akakigonga, jiwe likadondoka mkekani, jeupe pembeni, angavu katikati. Na katikati ile kulikuwa na kipande cha tangawizi. Kikuukuu. Chenye doa la rangi ya kutu, na alama ya meno upande mmoja. Bacar aliyajua meno yale. Alikuwa nayo kinywani.

"Aliuliza nini?" alisema, ingawa alijua.

"Kama ulimeza. Ulimeza nini, baba? Mume wangu, umefanya nini kwa watu?"

Ndipo alipomwambia. Yote, tangu ulimi hadi kidole, tangu kidole hadi shoka. Zalifa alisikiliza, kiganja mdomoni. Alipomaliza, Bacar alijishika ukutani akainuka, akafungua mlango. Kichochoro kilikuwa na giza jepesi la baada ya magharibi. Mahali fulani mwanamke alikuwa akimwita mwanawe. Mpishi wa jirani alikuwa anakaanga samaki. Dunia ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Jaovelo!" alipaza sauti, na sauti ikapasuka. "Sikumeza! Niliitema, ndugu yangu! Niliitema!"

Halafu, karibu sana, kama mtu aliyeegemea ukuta ule ule kwa upande wa nje:

"Najua."

Na nyayo mbichi zikaondoka taratibu kwenye vumbi, moja mbele ya nyingine. Bacar aliziona zikichorwa. Mtu hakumwona. Alingoja lile neno la pili. Nimekusamehe, au hata nimekulaani. Halikuja. Nyayo zikafika kwenye kona zikaisha.

Alifunga mlango. Zalifa akauchukua mkono wake ausugue, akausugua, kisha akauacha na kuipuliza mikono yake mwenyewe. Baridi ilikuwa imekwisha kupita bega, inateremka kifuani, penye kovu la chale.

"Zalifa," alisema Bacar.

"Labeka."

"Naomba kitu kimoja. Siku mtakaponiosha, msinimwagie maji ya kisimani hivi hivi. Yapasheni moto kwanza."